Mimi ni fundi cherehani tu, nitasaidia nini?

Swali: "Shikamoo wakili. Nina kibanda cha ushonaji hapa Tanga na wanafunzi wawili. Kila nikifungua simu ni vilio: Sudan, Gaza, Kongo. Nasambaza video, naandika 'Mungu awanusuru', nafunga simu, narudi kwenye cherehani. Sasa limefika mlangoni. Binti wa jirani yangu yuko Muscat, Oman, kazi za ndani. Amemtumia mama yake ujumbe wa sauti akilia: pasipoti imechukuliwa, mshahara wa miezi mitatu hajauona, na usingizi hapati. Mama yake kaja tumsaidie kuirusha mtandaoni. Nataka kujua, mtu wa kawaida kama mimi anaweza kufanya nini kwenye haya mambo ya haki za binadamu duniani, au ni ya wakubwa tu?"

Marahaba, fundi. Mama wa huyo binti mpe pole zangu. Na kabla ya jambo lolote lingine: hiyo sauti msiirushe. Bado.

Naanza hapo kwa sababu niliwahi kuungua. Nilipokuwa mgeni katika kazi hii, tulipata video ya binti aliyejirekodi jikoni kwa mwajiri wake, nchi nyingine ya Ghuba. Sura inaonekana, vigae vya ukutani vinaonekana, mfuko wa mkate wenye jina la duka la mtaa ule uko mezani. Sisi tukaona tumepata ushahidi. Tukairusha asubuhi, kabla ya magharibi ilikuwa imekwisha kuzunguka magrupu yote ya Waswahili wa Ghuba na kumfikia mwajiri. Binti akanyang'anywa simu. Siku kumi na tisa hatukujua kama yu hai. Alirudi, mzima wa mwili, bila senti moja ya mshahara wake, na mpaka leo tukikutana njiani anavuka upande wa pili. Simlaumu.

Kosa letu lilikuwa kutoelewa yuko wapi. Wengi wanalisikia neno kafala bila kujua linavyofanya kazi. Katika nchi nyingi za Ghuba, kibali cha mfanyakazi mgeni kimefungwa kwa mdhamini wake, kafili, na kafili ndiye bosi mwenyewe. Akitoka nyumbani bila ridhaa yake, bosi anaweza kumripoti kuwa ametoroka, na kuanzia hapo aliyedhulumiwa ndiye anayesakwa. Mageuzi yapo, nisiseme hayapo. Qatar tangu mwaka 2021 ina kima cha chini cha riyal 1,000 kwa mwezi, na mfanyakazi wa ndani amo. Saudi Arabia mwaka huohuo ililegeza masharti ya kubadili mwajiri, lakini wafanyakazi wa ndani ikawaacha nje. Zaidi ya hayo, Falme za Kiarabu na baadhi ya majirani zake wanaadhibu vikali kumpiga mtu picha ndani ya faragha yake bila idhini, kwa hiyo video ya kilio inaweza kugeuka kesi dhidi ya anayelia. Binti yenu yuko ndani ya nyumba yenye ufunguo mmoja, na ufunguo anao anayelalamikiwa. Ukipiga kelele nje ya nyumba hiyo, wa kwanza kusikia ni mwenye ufunguo.

Sasa utaniuliza, mbona kuna watu wameokolewa na kelele? Ni kweli. Mwaka 1973 profesa mmoja wa Brazil, Luiz Basilio Rossi, alikamatwa na utawala wa kijeshi, nchi ambayo wakati ule wafungwa waliteswa na wengine wakapotea moja kwa moja. Amnesty International, shirika la haki za binadamu, ikawaomba wanachama wake waandike barua za haraka, watu baki kabisa, walimu, wanafunzi, akina mama wa nyumbani. Barua zikamiminika, na mwaka huohuo akaachiwa. Kelele zile zilifaa kwa sababu aliyemshika alikuwa dola iliyotaka kuficha na iliyochelea aibu, na kila barua ilikuwa na mlengwa wake: afisa fulani, ofisi fulani, mfungwa fulani. Mwajiri wa Muscat hachelei aibu ya Tanga. Siku ya kelele inaweza kuja, lakini iamuliwe na binti mwenyewe, baada ya milango mingine kugongwa.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali lako kubwa ni hili, na nalitoa baada ya miaka mingi ya kuona kipi kinafaa na kipi ni moshi: mtu wa kawaida kazi yake kubwa ni kuwa shahidi anayeaminika. Huruma tunayo tele. Kinachokosekana kwenye mafaili ya ubalozi, ya mahakama na ya Umoja wa Mataifa ni tarehe, majina, hesabu na mtu aliye tayari kusema "mimi niliandika haya siku hiyohiyo."

Nikupe kisa cha Kongo ya zamani, maana watu wakiitaja Kongo siku hizi hudhani mambo yameanza na madini ya simu. Tangu 1885 Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji aliimiliki nchi ile kama shamba lake binafsi, na watu walilazimishwa kugema mpira kwa mijeledi na bunduki. Waliofumbua siri walikuwa wengi, wakiwemo wamisionari waliopiga picha, lakini mmoja alikuwa karani wa kampuni ya meli ya Liverpool, kijana aliyeitwa Edmund Morel. Kazi yake ilimpeleka bandari ya Antwerp, na kule akawa anasoma daftari za shehena kama wewe unavyosoma vipimo. Meli zinakuja zimejaa mpira na pembe za ndovu. Zinazokwenda zimebeba bunduki, risasi, na karibu hakuna bidhaa ya kuuza. Akajiuliza swali la muuza duka: kama hawapeleki kitu, huu mpira wanaulipia nini? Hawaulipii. Ni kazi ya utumwa. Aliacha ajira mwaka 1901, na mwaka 1904 akawa miongoni mwa walioanzisha chama cha kupigania mageuzi ya Kongo.

Lakini shahidi wangu mimi si Morel. Ni chifu wa Bolima, Lontulu. Leopold alipobanwa akaunda tume, akitumaini itamsafisha. Tume ikafika Kongo, watu wakaja kutoa habari. Lontulu alikuwa amechapwa viboko, ameshikwa mateka, amefanyizwa kazi kwa minyororo. Alikuja na vijiti 110. Akavipanga mezani mafungu manne: wakubwa wa jamaa, wanaume, wanawake, watoto. Kisha akaanza kushika kijiti kimoja kimoja na kutaja jina la marehemu wake. Hakuwa na karatasi, wala wakili, na mbele yake wamekaa watu wa mfalme. Tume ile, iliyotakiwa kufunika, ikaandika ripoti mwaka 1905 iliyothibitisha uovu. Maneno ya mashahidi yenyewe yakafungiwa makabatini kwa miongo mingi, na Ubelgiji ilipoichukua nchi mwaka 1908 kazi za shuruti hazikukoma siku hiyo. Sitakupamba hadithi. Ila shamba binafsi la Leopold lilikwisha, na vijiti vile vimo katika kilicholimaliza.

Basi tuje kwenye vijiti vyako. Chukua daftari, lile la kuandikia vipimo vya wateja, fungua ukurasa mpya. Fundi hakati kitambaa kwa kukisia. Andika jina la binti kama lilivyo kwenye pasipoti, na namba yake kama mama ana nakala. Nani alimtafutia kazi: dalali wa mtaani, au wakala mwenye leseni na ofisi? Alisafiri lini, kwa njia gani, akapokelewa na nani? Mkataba aliuona? Kwa lugha gani? Mshahara alioahidiwa ni kiasi gani, na umelipwa miezi ipi? Jina la mwajiri, mtaa, na kama hajui mtaa basi anachokiona dirishani: msikiti, kituo cha mafuta, shule. Wengi wa mabinti hawa hawajui anwani ya nyumba wanayolala.

Halafu maneno yake yaandike kama alivyoyasema. Hapa ndipo watu wengi wanaharibu. Mama ataandika "mwanangu ananyanyaswa sana," na afisa atasoma, atapiga mwayo, ataweka faili chini ya mengine. Lakini ukiandika: "Alhamisi usiku alilala saa sita, akaamshwa saa nane kupika kwa wageni, akarudi kulala baada ya alfajiri, anasema imetokea mara nne mwezi huu," hapo umempa mtu kitu cha kushika. Aliyoyasema binti weka peke yake. Anayoyahofia mama weka peke yake. Uliyoyasikia kwa majirani, kama ni lazima, weka mwisho na useme ni ya kusikia. Ukichanganya, likigunduliwa moja la uongo na yale ya kweli yanatupwa nalo.

Ile sauti ihifadhiwe kama ilivyo. Msiikate, msiiwekee muziki (naomba sana, nimeona mtu akiweka kaswida ya huzuni nyuma ya ushahidi). Angalieni kama mazungumzo yao yamewekwa ujumbe wa kutoweka, maana muda uliowekwa ukipita hamtakuwa na kitu. Kama kuna video au picha, mwenye nayo akikutumia aitume kama dokumenti, kwa sababu WhatsApp ikiituma kama picha inaibana na kuifuta ile taarifa ya ndani inayoonyesha ilipigwa lini.

Kisha idhini. Binti ni mtu mzima. Kuna anayetaka kurudi leo, kuna anayetaka alipwe kwanza ndipo arudi, kuna anayetaka abadilishiwe nyumba tu abaki, kwa sababu nyuma ana deni na wadogo zake wanasoma. Mimi na wewe tukiamua kwamba lazima arudishwe, tumekuwa kafili wa pili. Hilo alilolichagua ndilo liandikwe kwenye barua.

Kama kuna kipigo, kubakwa, kunyimwa chakula au kufungiwa, usifuate mpangilio wowote: pigeni simu ubalozi wetu Muscat saa hiyohiyo, na msikate tamaa mara ya kwanza ikiita bila kupokelewa. Kama ni mshahara na pasipoti, andikeni barua. Moja ubalozini, moja Wakala wa Huduma za Ajira, TaESA, au Kamisheni ya Kazi kama alisafiri kupitia Zanzibar, moja kwa wakala aliyempeleka kama amesajiliwa, kwa sababu huyo ana leseni ya kupoteza. Wasomaji wa Kenya, mlango wenu ni Mamlaka ya Taifa ya Ajira, NEA, na KUDHEIHA, chama cha wafanyakazi wa majumbani na hotelini. Kwetu chama ni CHODAWU. Msaidizi wa kisheria wa kata yenu anaweza kuwasaidia kuandika bila malipo. Sheria ya msaada wa kisheria ya mwaka 2017 inamtambua. Kila barua iwe nakala mbili, na nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa. Bila mhuri, mwezi ujao utaambiwa hatujawahi kukuona. Nenda kila wiki, siku ileile, na kila ukienda andika umekutana na nani na kakuambia nini. Uvumilivu huu hauna sifa yoyote mtandaoni, lakini nimeuona ukifungua milango ambayo mawakili watatu walishindwa kuifungua.

Ikishindikana, kuna ngazi ya juu ambayo watu wengi hawajui kwamba iko wazi kwao. Umoja wa Mataifa una waandishi maalumu, wataalamu wa kujitegemea. Mmoja anashughulikia utumwa wa kisasa, mwingine haki za wahamiaji. Huhitaji kuwa shirika wala wakili kuwaandikia, wala si sharti nchi inayolalamikiwa iwe imeridhia mkataba fulani, wala mahakama za kule ziwe zimemaliza. Kuna fomu kwenye tovuti yao, na inauliza yaleyale yaliyomo kwenye daftari lako: nani, nini, wapi, lini, kwa mkono wa nani, na kama mhusika ameridhia. Wakiona lina uzito wanaiandikia serikali husika, na kwa kawaida serikali inapewa siku 60 kujibu kabla barua haijawekwa hadharani. Jina lako wewe mleta habari hulindwa, la mhusika kwa kawaida huingia kwenye barua, ndiyo maana idhini yake si mapambo. Hawana polisi, hawamtoi mtu nyumbani kwa nguvu. Wanachofanya ni kulifanya jambo la jikoni kuwa jambo la wizara ya mambo ya nje.

Sasa hizo video nyingine, za Sudan na kwingine. Kwanza jua kwamba video inaweza kufanya kazi kubwa kama haijachezewa. Mwaka 2018 ilisambaa ya wanajeshi wakiwaongoza wanawake wawili na watoto wawili, mmoja amebebwa mgongoni, kisha wakawapiga risasi. Serikali ya Kamerun ikasema ni habari za uongo. Waandishi wa uchunguzi wa BBC Africa Eye, wakisaidiwa na watu wa kujitolea waliokaa na kompyuta zao huku na kule, wakauchukua mstari wa milima uliokuwa nyuma ya watu wale na kuulinganisha na picha za setilaiti mpaka wakafika kijiji cha Zelevet, kaskazini ya mbali, karibu na Nigeria. Kwa majengo yaliyoonekana kwenye picha za setilaiti na kwa vivuli vya askari wakakadiria majira: mwishoni mwa Machi au mwanzoni mwa Aprili 2015. Mwaka 2020 mahakama ya kijeshi iliwafunga wanajeshi wanne miaka 10 kila mmoja. Wangepataje milima ile kama mtu mwenye huruma angekuwa ameikata video ibaki sura tu, akaweka maandishi mekundu juu?

Kwa hiyo ukipokea video ya vita ambayo hujui imepigwa wapi na lini, iache ikufie mkononi. Mara nyingi ni ya nchi nyingine na ya mwaka mwingine, na kila ya uongo inayogunduliwa inamsaidia muuaji kusema zote ni uongo. Kama una shilingi elfu tano ya kutoa, itafutie mikono iliyo karibu na sufuria. Sudan, tangu vita vilipoanza Aprili 2023, vijana wa mitaani wameendesha vyumba vya dharura na majiko ya jamii mahali ambapo misafara ya mashirika makubwa haikufika. Mwaka 2025 walipewa Tuzo ya Right Livelihood. Huko pesa ndogo inakuwa uji wa mtu, kwa njia ya watu wanaojulikana kwa wenzao. Na usijaribu kubeba dunia nzima. Shika jambo moja, ulijue kiasi kwamba mtu akikosea tarehe unamsahihisha.

Lako nadhani limeshajichagua. Na kama utalishika hili la wafanyakazi wa ndani, ujue limetoka wapi. Tarehe 16 Juni 2011, Geneva, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 189, kura 396 kwa 16, na 63 hazikuegemea upande. Unasema mfanyakazi wa ndani akae na pasipoti yake mwenyewe. Anayevuka mpaka apewe mkataba kwa maandishi kabla ya kuvuka. Apumzike angalau saa 24 mfululizo kwa wiki. Walioupigania usidhani ni mabalozi peke yao. Walikuwemo wanawake waliotoka jikoni, kama Myrtle Witbooi wa Afrika Kusini, aliyefanya kazi nyumba za watu Cape Town enzi za ubaguzi wa rangi na ambaye safari yake ilianzia kwenye barua aliyoliandikia gazeti. Miaka miwili baadaye, Montevideo, wafanyakazi wa ndani wa dunia waliunda shirikisho lao, na yeye akawa rais wake wa kwanza. Alifariki Januari 2023.

Na hapa, fundi, nina neno ambalo huenda hukulitarajia, uniwie radhi. Mkataba ule hautaji Waarabu. Unamtaja kila mwenye dada wa kazi. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa nikitoa semina ya kafala mjini kwetu, watu wakalaani Ghuba mpaka sauti zikawakauka. Wakati wa chai nikauliza nani nyumbani kwake ana dada. Mikono mingi. Nani amempa siku ya mapumziko wiki hii? Mikono minne. Kitambulisho chake kiko wapi? Mama mmoja akacheka, akasema, "Kabatini kwangu, asije akakipoteza." Alikuwa mkweli, na aliposikia sauti yake mwenyewe akanyamaza. Tanzania amri ya kima cha chini cha mshahara inamtaja mfanyakazi wa ndani waziwazi. Nenda ofisi ya kazi uliza kinachotumika sasa, kisha kiandike ukutani kwenye kibanda chako. Wanaokuja kupimwa nguo ni mabosi wa hao mabinti, na wanaotumwa kuzichukua ni mabinti wenyewe. Wote watakisoma.

Mabinti wengi hupiga usiku, wenye nyumba wakishalala. Akipiga leo, kaa naye, daftari liwe wazi. Mwulizeni kwanza kama yuko peke yake. Kisha mkubaliane neno la siri, neno la kawaida kabisa, kama kuulizia mtihani wa mdogo wake, ambalo akilitaja mtajua hawezi kuongea na mkate simu. Halafu mwulizeni anataka nini, na mwacheni amalize.